Bima ya mwaka si siku 365: msafiri wa Kamina ahesabu siku zake kabla ya kulipa

KAMINA, Haut-Lomami — Mtu anayelipa bima ya safari ya mwaka mzima, ile ambayo wengi mjini Kamina wanaiita asiransi ya safari, hufikiri kwamba amenunua siku 365 za ulinzi. Sivyo. Alichonunua ni haki ya kusafiri mara nyingi ndani ya mwaka mmoja, kila safari ikiwa na kikomo chake cha siku: 30, 31, 45, 60 au 90, kadiri ya kampuni na kadiri ya bei. Siku hizo zikiisha, ulinzi unakatika, hata kama karatasi inaonyesha kwamba mwaka bado.

Kwa mkaaji wa mji mkubwa wa Ulaya anayekwenda mapumziko ya wiki mbili, kikomo hicho hakisumbui. Kwa mkaaji wa Kamina kinasumbua sana. Safari zake ni ndefu: njia ya kufikia uwanja wa ndege ni ndefu, biashara inamshika, jamaa hawamwachi arudi haraka, na daktari wa mbali humwambia angoje. Bima nyingi za mwaka hazikutengenezwa kwa kumfikiria yeye. Kwa hiyo mambo mawili yanatakiwa. Msafiri ahesabu siku zake kuanzia mlango wa nyumba yake, na anayeuza bima aandike idadi ya siku za kila safari kwenye ukurasa wa kwanza, kwa herufi ambazo hata mzee asiye na miwani ataziona.

Mwaka ni wa kontra, siku ni za safari

Ndani ya bima ya mwaka kuna kalenda mbili. Ya kwanza ni ya kontra: inaanza tarehe iliyoandikwa, kwa mfano 1 Februari, na inakwisha baada ya miezi 12. Ya pili ni ya safari: inaanza msafiri anapoondoka na inakwisha anaporudi. Akirudi nyumbani na kuondoka tena, hesabu inaanza upya kutoka siku ya kwanza. Bima inafanya kazi pale tu kalenda zote mbili ziko hai kwa wakati mmoja.

Chukua wafanyabiashara wawili wenye kikomo cha siku 30. Wa kwanza amekwenda Dar es Salaam mara tano katika mwaka, kila mara siku 12. Jumla yake ni siku 60, na zote ziko ndani ya kontra. Wa pili amekwenda mara moja tu, akakaa siku 40. Jumla yake ni ndogo kuliko ya mwenzake, lakini yeye ndiye aliyetoka nje ya kontra. Anayetazama neno «mwaka» peke yake hawezi kuelewa kwa nini huyu wa pili anakataliwa.

Kinachochanganya watu ni mazoea ya karatasi nyingine. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, tangu 11 Julai 2016, inakubaliwa kwa maisha yote ya aliyechanjwa. Pasipoti ina tarehe moja ya mwisho, na mpaka siku hiyo inatumika. Bima ya mwaka inafanana zaidi na viza: viza inaweza kuwa halali kwa mwaka mzima, lakini ndani yake kuna mstari mwingine unaosema mwenye viza anaruhusiwa kukaa siku ngapi. Aliyewahi kusumbuliwa na polisi wa mpakani kwa sababu ya mstari huo anaujua vizuri. Mstari wa bima ni kama huo, ila hakuna polisi wa kuukumbusha. Hukumbukwa hospitalini, siku ya kulipa.

Msafiri akipitisha siku, kampuni zote hazifanyi sawa. Ziko zinazolinda siku za mwanzo mpaka kikomo, kisha zinaacha: aliyeugua siku ya 20 analipiwa, aliyeugua siku ya 35 halipiwi. Ziko kali zaidi, ambazo zinasema safari yoyote iliyopangwa kuzidi kikomo hailindwi kabisa, hata siku yake ya kwanza. Kwa hizi, mtu aliyenunua tiketi ya kurudi baada ya siku 40 hana bima tangu anapopanda ndege, ingawa anatembea na cheti mfukoni. Tena ziko zinazoweka kikomo cha tatu, yaani jumla ya siku zote za kuwa nje katika mwaka. Mistari hii mitatu inaweza kuwa ndani ya kontra zenye bei moja na rangi moja ya karatasi.

Kuna pia suala la kontra kuisha mtu akiwa njiani. Aliyenunua 1 Februari na kuondoka 15 Januari ya mwaka unaofuata anabakiwa na siku 17 za kontra, hata kama kila safari inaruhusiwa siku 45. Asipoifanya upya kabla ya kuondoka, mwisho wa Januari unamkuta ugenini bila kitu. Na kampuni nyingi hazikubali kumwuzia bima mpya mtu ambaye tayari yuko nje ya nchi yake.

Ni haki kusema pia kwamba kikomo chenyewe si wizi. Bima ni hesabu ya hatari, na kila siku ya ziada ugenini ni siku ya ziada ya kuweza kuugua, kugongwa na pikipiki au kupoteza mizigo. Kampuni inaweza kuuza mwaka mzima kwa bei ya chini kwa sababu inajua kwamba wateja wake wengi wanakaa nyumbani karibu siku zote za mwaka. Kama kila mteja angeishi nje miezi sita kwa bei hiyo, kampuni ingefunga mlango. Lawama haiko kwenye kikomo. Iko kwenye kukificha nyuma ya neno «mwaka».

Hesabu inayoanzia Kamina

Kamina ni njia panda ya reli za SNCC. Kutoka hapo treni inashuka Lubumbashi, karibu kilomita 600. Nyingine inaelekea Mwene-Ditu, Kananga mpaka Ilebo. Nyingine inakwenda Kabalo, ambako njia inagawanyika kuelekea Kalemie na Kindu. Kila mkaaji wa mji huu anajua kwamba siku treni inayotangazwa kufika na siku inayofika kweli ni vitu viwili. Barabara nazo, mvua ikinyesha, zina kalenda yake. Mtu wa Kamina anayetaka kupanda ndege ya kwenda ng'ambo analazimika kwanza kufika Lubumbashi au Kinshasa, na mwenye busara hutangulia siku kadhaa ili ndege isimwache.

Sasa tazama mfanyabiashara wa Kamina anayekwenda Guangzhou kwenye maonyesho makubwa ya biashara, yale yanayofanyika mara mbili kwa mwaka: kuanzia 15 Aprili mpaka 5 Mei, na tena kuanzia 15 Oktoba mpaka 4 Novemba, katika awamu tatu. Hesabu yake inaweza kuwa hivi: siku 5 za kutoka Kamina mpaka Lubumbashi na kungoja ndege, siku 2 za angani kwa kupitia Addis Ababa, siku 21 za maonyesho, kama anafuata awamu zote, siku 10 za kungoja kiwanda kimalize bidhaa na kuzipakia kwenye kontena, siku 2 za kurudi, siku 4 za kutafuta njia ya kutoka Lubumbashi mpaka nyumbani. Jumla ni siku 44.

Mwenye bima ya siku 30 ametoka nje ya kontra kabla hajaiona kontena yake. Mwenye bima ya siku 45 amebakiwa na siku moja. Kwa kontra kali, ile inayokataa safari nzima ikizidi, kukawia kwa treni siku mbili kunaweza kuleta ubishi ambao hakuutarajia.

Hapa ndipo swali la pili linapokuja, na ni wachache wanaoliuliza: safari inaanza wapi? Kontra nyingine zinahesabu tangu mtu anapotoka nyumbani kwake. Nyingine zinahesabu tangu anapovuka mpaka wa nchi anamoishi. Nyingine zinataja umbali wa kilomita fulani kutoka makaoni. Kwa mkaaji wa Lubumbashi tofauti hiyo ni saa chache tu, kwani Kasumbalesa na uwanja wa ndege viko karibu. Kwa mkaaji wa Kamina tofauti ni siku 9 katika mfano huu: akihesabiwa kutoka nyumbani ni siku 44, akihesabiwa kutoka mpakani ni 35. Na hata hizo 35 zinazidi 30.

Yanayosemwa kuhusu Kamina yanawahusu pia wasafiri wa miji mingine ya mashariki. Mkaaji wa Goma, tangu uwanja wa ndege wa mji wake ulipofungwa mwishoni mwa Januari 2025, amelazimika kutafuta ndege mbali, na kila siku ya kuzunguka inaingia kwenye hesabu. Wa Kalemie anavuka ziwa, wa Kindu anangoja. Kikomo cha siku 30 kinakuwa kifupi zaidi kadiri mtu anavyokaa mbali na uwanja wa ndege wenye safari za uhakika. Karatasi ni moja, lakini haina urefu uleule kwa watu wote.

Kontra nyingi nzuri zina kipengele cha kuongeza siku zenyewe pale msafiri anaposhindwa kurudi kwa sababu isiyo yake, kwa mfano amelazwa hospitalini au ndege imefutwa. Kipengele hicho ni msaada mkubwa, lakini nacho kina mipaka yake, na hakimsaidii aliyebaki kwa hiari ili amalizie biashara au sherehe ya ndoa. Ni vizuri kukisoma kabla ya kukitegemea.

Bibi anayekwenda kulea mjukuu

Safari za biashara si zote. Ziko safari za jamaa, na hizi ndizo zinazozidi kikomo bila mtu kushtuka. Mtoto anaishi Brussels au Liège, mke wake amejifungua, mama mzazi anaitwa aende kusaidia. Hakuna mama wa Kiluba anayekwenda kumwona mjukuu kwa siku 14. Anakwenda kukaa.

Sheria ya viza za Schengen inaruhusu kukaa siku 90 ndani ya kila siku 180. Anayeomba viza anatakiwa kuonyesha bima inayofika angalau euro 30,000, inayokubalika katika nchi zote za Schengen, na inayogharamia matibabu ya haraka, hospitali ya dharura, na kurudishwa nyumbani mgonjwa au marehemu. Kwa viza ya kuingia mara moja, bima inatakiwa kufunika muda wote wa kukaa, na mkaguzi huitazama. Kwa viza ya kuingia mara nyingi mambo yanabadilika: mwombaji anaonyesha bima ya safari ya kwanza tu, kisha anatia sahihi kwamba anaelewa wajibu wa kuwa na bima katika safari zinazofuata. Tangu Februari 2020, mtu aliyepata viza tatu ndani ya miaka miwili na kuzitumia vizuri anaweza kupewa viza ya mwaka mzima ya namna hiyo.

Ndipo shimo linapofunguka. Mama ana viza ya mwaka. Ana pia bima ya mwaka, ambayo watoto wamemlipia ili asihangaike kila mara. Safari ya kwanza amekaa siku 28, mambo yakaenda salama. Safari ya pili, kwa sababu ya mtoto mchanga, anakaa siku 85. Hakuna anayeuliza kitu, kwa sababu viza inaruhusu siku 90. Lakini bima yake ni ya siku 31 kwa kila safari. Presha ikimwangusha siku ya 60, yuko Ulaya kihalali kabisa, na hana bima kabisa. Viza na bima hazihesabu kwa kalenda moja.

Tena, kwa wale waliokwenda Ubelgiji kwa dhamana ya mtu wa kule, ile inayojulikana kwa Kifaransa kama prise en charge, aliyetia sahihi anabeba gharama za matibabu, za makazi na za kumrudisha mgeni kwa muda wa miaka miwili tangu mgeni alipoingia. Mara nyingi aliyetia sahihi ni mtoto mwenyewe. Kwa hiyo deni la hospitali halibaki kwa mgonjwa aliye kitandani, linamfuata kijana mwenye mshahara wa kawaida, mke na mtoto mchanga. Na ikitokea mama amefariki, ndipo simu zinapopigwa Kamina, Lubumbashi na kwingineko, jamaa wanachanga makuta ya kumleta alale kwenye udongo wa kwao, na matanga yanakaa wazi siku nyingi yakimngoja. Yote hayo yangeweza kuepukwa kwa kuuliza swali moja siku ya kulipa bima.

Jambo lingine kwa wazee: baadhi ya kampuni hupunguza siku za kila safari mteja anapopita umri fulani, au hukataa kabisa kumwuzia bima ya mwaka. Anayemlipia mama au baba asichukue kwamba siku alizopewa yeye ndizo watakazopewa wazazi.

Wanaokwenda kutibiwa

Wako pia wanaovuka mpaka kutafuta matibabu: Zambia, Afrika Kusini, India. Kwao kuna onyo kubwa kuliko la siku. Bima ya safari kwa kawaida inalinda ugonjwa wa ghafla ambao haukutegemewa. Haigharamii matibabu ambayo ndiyo sababu ya safari, na mara nyingi haigusi ugonjwa uliokuwapo kabla ya kontra, kama haukutajwa na kukubaliwa. Mgonjwa wa moyo anayekwenda kufanyiwa upasuaji asitegemee karatasi hiyo imlipie upasuaji.

Kikomo cha siku kinaingia hapa kwa upande wa anayemsindikiza. Ndugu anayekwenda naye ni mzima, naye anaweza kuugua malaria aliyoondoka nayo, au kuanguka kwenye ngazi. Matibabu ya mgonjwa yanaweza kuchukua miezi miwili au mitatu, na daktari anaweza kuongeza wiki bila kumwuliza mtu. Bima ya mwaka yenye siku 30 inamwacha msindikizaji peke yake wakati ambapo makuta ya jamaa yote yameelekezwa kwa mgonjwa. Kwa safari kama hiyo, bima ya safari moja, iliyonunuliwa kwa siku 90 au zaidi, ni bora kuliko ya mwaka.

Siku ziandikwe mbele

Kuna pingamizi linalojulikana: watu hawasomi kontra. Ni kweli, hawasomi. Lakini kontra ya kurasa 40 kwa Kifaransa cha wanasheria haikuandikwa ili isomwe na mama anayeuza unga sokoni. Aliyeandika anajua hivyo. Lawama haiwezi kuwekwa yote kwa mnunuzi.

Inawezekana kabisa kuifanya idadi ya siku ionekane. Zanzibar imeonyesha. Tangu 1 Oktoba 2024, wageni wanaoingia kisiwani wanatakiwa kuwa na bima ya safari ya shirika la bima la Zanzibar, kwa dola 44, inayodumu siku 92. Mtu anaweza kubishana kama ni haki kumlazimisha mgeni kununua bima kwa shirika moja, na wengi wamebishana. Lakini hakuna anayeweza kusema hakujua siku. Bei na siku zinatajwa pamoja, na mgeni anaweza kuhesabu kwa vidole.

Kongo inao msingi wa kisheria wa kufanya vivyo hivyo. Sheria namba 15/005 ya 17 Machi 2015 ilifungua soko la bima, ambalo tangu 1966 lilikuwa mikononi mwa SONAS peke yake. Sheria hiyo imeweka mamlaka ya kulisimamia, ARCA. Leo kampuni kadhaa za binafsi zinauza bima, na ajansi za safari zinauza pia bima za kampuni za nje pamoja na tiketi. Ushindani umeleta uchaguzi. Lakini mnunuzi akiwekewa karatasi mbili mezani, moja ya dola kidogo na nyingine ya dola nyingi, zote zimeandikwa «mwaka», atachukua ya bei ndogo, bila kujua kwamba anachokiacha ni siku 60 za kila safari. Ushindani wa namna hiyo unampa thawabu anayeficha.

Nchi nyingine zimeliona tatizo la jirani na hili. Sheria ya bima ya Ufaransa, na kanuni za CIMA zinazotumika katika nchi nyingi za Afrika ya Magharibi na ya Kati zinazosema Kifaransa, zinasema kwamba vipengele vinavyomnyima mteja haki vina nguvu tu kama vimeandikwa kwa herufi zinazoonekana wazi kabisa. Ila kikomo cha siku ni mjanja. Kampuni inaweza kusema kwamba hakimnyimi mteja kitu, kinaonyesha tu ahadi inafika wapi, hivyo hakihitaji herufi kubwa. Ndiyo maana haitoshi kutegemea kanuni ya jumla. ARCA ingefanya kazi nzuri kwa kutaja jambo lenyewe: kila bima ya safari ya mwaka inayouzwa Kongo ionyeshe kwenye ukurasa wa kwanza na kwenye cheti siku za juu za kila safari, mahali hesabu inapoanzia, na kinachotokea siku zikipita. Mistari mitatu tu. Na pale inapouzwa Kamina, Bukavu au Kalemie, muuzaji aieleze kwa Kiswahili kabla ya kupokea makuta.

Wauzaji wanaweza kulalamika kwamba hivyo vitawafukuza wateja. Baadhi watakwenda, ndiyo. Watanunua bima ya safari moja yenye siku za kutosha, na huenda wakanunua kwa muuzaji yuleyule. Mteja aliyelipiwa hospitali atarudi na kuwaleta ndugu zake. Mteja aliyekataliwa atazunguka mji mzima akisema asiransi ni uongo, na watu watamwamini. Katika nchi ambayo wengi bado hawaiamini bima, hasara hiyo ni kubwa kuliko faida ya karatasi moja.

Maswali ya kuuliza kwenye biro

Mpaka hapo ARCA itakapoamua, ulinzi wa kwanza uko mikononi mwa msafiri. Mali bila daftari hupotea bila habari, na siku ni mali. Kabla ya kulipa, aketi na kalenda na kuandika safari zake za mwaka unaokuja, kila moja na siku zake, akianzia siku ya kutoka Kamina mpaka siku ya kurudi Kamina, kisha aongeze wiki moja kwa ajili ya treni, mvua na ndege. Safari ndefu kuliko zote ndiyo inayochagua bima. Kama inazidi kikomo, anunue bima ya mwaka yenye siku nyingi zaidi, au anunue ya safari moja kwa hiyo ndefu.

Kisha aulize, na jibu lionyeshwe kwenye karatasi, si kwa mdomo: kila safari ina siku ngapi? Hesabu inaanzia nyumbani au mpakani? Nikizidisha, ninapoteza siku za ziada tu au safari nzima? Ninaweza kuongeza siku, na ni lazima niombe kabla ya kuondoka? Kontra ikiisha nikiwa nje, itakuwaje? Je, inahusu nchi ninakokwenda kweli, au Schengen peke yake? Umri wangu unapunguza siku?

Akisharudi, atunze tiketi na asifute mihuri ya pasipoti kichwani mwake: ndiyo ushahidi wa siku aliyoondoka na siku aliyorudi. Kampuni itaidai siku ya ubishi, na mwenye karatasi ndiye anayesikilizwa.

Kwa anayekwenda na kurudi mara nyingi, Ndola wiki hii, Dar es Salaam mwezi ujao, Dubai siku kumi mwezi wa saba, bima ya mwaka inabaki kuwa chaguo zuri na la bei nafuu, na hakuna sababu ya kuiogopa. Kwa anayeondoka mara moja na kukaa, bibi wa Liège, msindikizaji wa mgonjwa, mfanyabiashara anayengoja kontena, inaweza kuwa karatasi isiyo na kazi kuanzia siku ya 31. Wote wawili wanaingia kwenye biro moja na kusikia neno moja, «mwaka». Muuzaji mwaminifu atawauliza kwanza: unakwenda kukaa siku ngapi?